Meza ya Mama na Mlango wa Babu

Alijua kupima. Narudia kwa yule aliyekuwa bado anatafuna wakati mimi naongea: mama yangu alijua kupima, na aliyeshika ncha ya pili ya kamba nilikuwa mimi, si Rajabu. Siku ya kupima Rajabu alikuwa kwao Ipuli. Siku ya kucheka ndiyo alikuwepo. Halafu juzi anasimama kwenye harusi ya watu, mfupa wa mbuzi mkononi, anawasimulia wageni wa upande wa bwana harusi eti mke wa mjomba wake alikwenda kuagiza meza ya chakula ya mninga mtupu pamoja na viti vyake, meza ikaletwa mpaka nyumbani, ikagoma kuingia mlangoni. Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nikaacha sahani yangu, na ile pilau ilikuwa nzuri, nikatoka kabla sijasema maneno ya kumharibia bibi harusi siku yake.

Ningenyamaza, kweli. Lakini wakati narudi Kanyenye nikapita kwenye kibanda cha seremala, kijana mmoja anapiga randa ubao wa mninga, na ile harufu ikanisimamisha. Kama huijui sijui nikuelezeje. Ina utamu mkavu, kama mzinga wa zamani ambao asali imeshatolewa. Maranda yalikuwa yanaanguka mekundumekundu, yamejikunja. Nikaokota moja nikalinusa palepale barabarani kama kichaa, na siku yote ile ikanirudia, mama na kamba yake, na mimi nisiyeelewa kitu.

Sasa sikilizeni, halafu ndiyo mcheke.

Nyumba yetu aliijenga babu yake baba, kuta za udongo nene kama za ngome. Mzee huyo alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka huku kwetu mpaka pwani, akarudi, akaenda tena, na safari ya mwisho alirudi na dini, na kanzu, na mlango. Mlango wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa wa mbao nyeusi, umechongwa maua na minyororo kandokando, mzuri mpaka watu walikuwa wanakuja kuutazama. Ila ulikuwa mwembamba. Mgeni mnene aliingia kwa ubavu. Baba alipenda kusimulia kwamba mzee aliufanya vile makusudi: alisema amebeba mizigo ya watu vya kutosha, kwake hataki kuona mzigo unaingia begani. Pamoja na mlango, mzee alileta na utaratibu wa kula. Wanaume sebuleni, kwenye mkeka, sinia moja katikati. Wanawake uani, kwenye jamvi karibu na jiko, wakishamaliza wale wa mbele.

Mimi nilipokuwa mdogo nilikula mbele, ubavuni mwa baba, ananichambulia kuku. Nilipoanza shule nikaambiwa basi, Zena, wewe sasa ni wa uani. Kaka yangu Idi akabaki. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa nimekuwa. Idi naye alikuwa amekuwa, tena kunizidi, kwa hiyo sikuelewa kukua gani huko kunakomsogeza mtu nyuma. Mama alikula wa mwisho kabisa, mara nyingi amechuchumaa, jicho kwenye sufuria, sikio kule mbele akisikiliza kama wanaita maji. Sikumbuki kumwona akimaliza tonge tano mfululizo bila kuinuka.

Baba alikuwa anafanya biashara ya asali na nta. Miaka hiyo ya Ujamaa wakamchagua balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ulimkaa vizuri, maana alikuwa na sauti. Kila kitu kilikuwa mkutano. Mkutano wa usafi, mkutano wa mashamba, mkutano wa kupanga mkutano. Nakumbuka alisimama kwenye baraza yetu, watu wamejaa mpaka barabarani, akasema siku hizi hakuna bwana wala mtwana, hakuna wa mbele wala wa nyuma, wote sawa. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa nyuma ya mlango ameshika birika la uji wa wageni. Alisikiliza hotuba mpaka uji ukapoa, na alipoutoa nje watu wakalalamika.

Chanzo cha meza kilikuwa suruali. Alikuja ndugu mmoja kutoka wilayani, mtu wa mwili, kavaa suti ya mikono mifupi iliyombana. Mama alipika wali na kuku, na uyoga wa karanga. Mgeni akaingia kwa ubavu, akakaribishwa mkekani, akakunja miguu, na suruali ikapasuka. Tulisikia mpaka uani. Chakula kile alikila amevaa kanzu ya baba, na dada yake baba, Shangazi Mwajuma, mama yake huyuhuyu Rajabu, akashona suruali huku anajiziba mdomo kwa kanga. Mgeni alipoondoka, baba alizunguka sebule kama kuku anayetaka kutaga.

"Watu wote wa maana wana meza," alisema. "Mimi balozi mzima nawakalisha viongozi chini kama wanacheza bao."

Kesho yake asubuhi akamwita mama. Nilikuwa nachambua mchele naye, kwa hiyo nilisikia yote.

"Nenda kwa Fundi Maganga ukachague meza. Mambo ya nyumba ni yako, mimi nakwenda Ntalikwa kuna watu wana asali. Mninga mtupu, sitaki vile vya kubandika. Na viti sita vya heshima."

"Itakaa wapi?" mama akauliza.

"Sebuleni. Meza ya chakula inakaa wapi tena, chooni?"

"Watakula akina nani?"

"Si sisi."

"Sisi nani, Baba Idi?"

Baba akacheka, anatafuta viatu. "Mama Idi nawe. Mimi, Idi, wageni. Unataka nikuitie mkutano?"

Mama akasema haya, akaendelea na mchele. Baba alipokwisha toka nikamuuliza, "Na sisi, mama?"

"Sisi tutaipangusa," akasema.

Alisema polepole tu, bila hasira, na mimi nikafurahi kabisa, nikaona kupangusa meza ni kazi nzuri kuliko kuosha masufuria. Ndivyo nilivyokuwa.

Akamaliza mchele, akanawa, akachukua kamba ya katani tuliyofungia kuni. Akanipeleka mlango wa mbele. "Shika hapo kwenye mwimo, usiachie." Nikashika. Yeye akavuta mpaka mwimo wa pili, akapiga fundo. Halafu akarudia, tukabadilishana pande, fundo likaja palepale. Akalikaza kwa meno. Ndiyo maana nasema alijua. Mtu asiyejua kupima hapimi mara mbili, na hakazi fundo kwa meno.

Karakana ya Fundi Maganga ilikuwa paa la bati juu ya nguzo, na chini yake maranda yamejaa mpaka unatembea kama kwenye godoro. Mama alimwamkia "mwangaluka," akaitikia, mimi nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba bila kuinua macho kwenye patasi. Alikuwa Mnyamwezi mrefu, anapenda utani, sikioni kachomeka penseli ambayo sijawahi kuona akiitumia.

Alikuwa na meza mbili za mfano. Moja miguu yake ilifungwa kwa bolti, ukitaka inafunguka. Nyingine miguu imechomekwa kwenye uso wa meza kwa gundi na vijiti, na chini ikaunganishwa kwa mbao nne, ukikaa unapumzishia miguu. Hiyo haikufunguka hata kwa radi. Fundi akamwonyesha ile ya bolti.

"Hii ndiyo yenu, Mama Idi. Inaingia vipandevipande, unaifunga humohumo ndani."

"Na ile?"

"Ile nzuri, lakini ni ya nyumba za wazungu. Mlango wenu naujua. Nikija kwenye maulidi naacha nusu ya tumbo nje."

"Nimekuuliza mlango au nimekuuliza meza?"

Fundi akacheka, akaweka patasi chini. Mama akamwambia ailaze ile ya pili ubavu. Akaniita nishike kamba. Tukapima kutoka uso wa meza mpaka ncha ya mguu, na mimi nikaona kwa macho yangu, fundo liliishia kabla ya mguu kuisha. Ulibaki upana wa kiganja. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyejifunza hesabu juzi, "Mama, haiingii."

"Nyamaza."

"Lakini fundo..."

"Zena. Nimesema nyamaza."

Fundi akamtazama mama. Mama akamtazama fundi. Kisha fundi akaisimamisha meza, akaanza kuzungumzia viti, haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu akaufunga tena.

Viti vya ile seti vilikuwa vitano vya kawaida, na kimoja kikubwa, mgongo mrefu, kina mikono, cha mwenye nyumba. Mama akavikalia vyote. Alikaa kwenye kila kimoja, akaegemea, akainuka, akapapasa mgongo wa kiti kwa kiganja kama anampima mtoto homa. Kwenye kile cha nne akakivuta mpaka mezani, akaweka viwiko juu ya meza, akatulia. Alikaa muda mrefu. Randa ilikuwa imenyamaza, kuku walikuwa wanachakura maranda, na mama amekaa tu, anatazama mbele, hakuna chakula, hakuna mtu. Nikaona haya. Nilidhani anaumwa. Nilitaka kumvuta mkono twende nyumbani.

"Nataka meza hii, na viti kama hiki," akasema mwishoni. "Vyote sita."

"Na kile cha mzee?"

"Vifanane."

"Balozi hatauliza kiti chake?"

"Wewe fundi mwaka huu umekuwa mshenga? Tengeneza vifanane."

Njiani kurudi alikata kile kipande cha kamba chenye fundo akakitupa kwenye mtaro. Mimi roho ilikuwa juu. Nilijua meza haiingii. Nilijua mama amesahau fundo lilikuwa la nini. Na nilijua baba akirudi atakuwa na maneno. Kila nilipotaka kumkumbusha alinipa kazi. Nikaanza kuota meza usiku, imekwama mlangoni kama ng'ombe, na mama yuko upande wa nje.

Baba aliporudi alitangaza meza msikitini, akaitangaza sokoni. Akamwalika yule ndugu wa wilayani aje tena. Siku meza ilipokuja Shangazi Mwajuma alikuwa amefika tangu asubuhi na Rajabu wake, kavaa kanga mpya kama ni harusi. Mahamali wawili wakasukuma mkokoteni, Fundi Maganga anatembea nyuma kama anasindikiza bibi harusi. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Mistari ya mninga ilipita juu yake kama maji ya mtoni yakipungua, kahawia na wekundu na dhahabu kidogo, na watu wakawa wanaigusa kwa kidole kimoja kisha wanajifuta kidole.

Viti vikaingia bila shida. Ikaja zamu ya meza. Wakaijaribu ikiwa imesimama, haikuingia. Wakaigeuza ubavu, ikagoma kwa upana wa kiganja. Kiganja kilekile. Wakataka kuipenyeza miguu kwanza, kuizungusha kwenye mwimo kama wanavyofanya mafundi, zile mbao za chini zikazuia. Dirisha lilikuwa na nondo. Mtaa mzima ukawa fundi. Mmoja anasema inua, mwingine anasema inamisha, mzee mmoja akasema ipakwe mafuta.

"Maganga," baba akasema, jasho linamtoka kwenye kofia, "mlango wangu hukuujua wewe?"

Fundi akafungua mdomo. Kabla hajasema, mama akasema kutoka kwenye kona ya nyumba, kanga ameivuta mpaka kwenye macho, "Asilaumiwe fundi. Mimi ndiye nilipima. Nimekosea."

Nyie, nilisikia masikio yanawaka. Nilivuta pumzi niseme si kweli, tulipima mara mbili, nilishika mimi. Mama akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga, kwa macho tu. Nikafunga mdomo, na sikujua nimeufungia nini.

Shangazi Mwajuma akapiga makofi ya kicheko. "Wifi yangu huyo. Kaenda kununua meza, karudi na boti." Watu wakaangua. Rajabu akaanza kuimba, "Boti, boti," anarukaruka, na hapo mimi nikamrukia. Nilimng'ata bega mpaka wakanitoa kwa maji. Sijutii. Muulizeni avue shati.

Baba aliomba msumeno. Akasema miguu ikatwe. Fundi Maganga akamwambia, "Nikikata, balozi, mtakula mmelala." Watu wakacheka tena, na safari hii walikuwa wanamcheka baba, na hilo yeye hakulizoea. Mtu akasema basi mwimo wa mlango uchongwe kidogo. Baba akaweka mkono kwenye yale maua ya babu yake. Akapapasa mnyororo mmoja mpaka mwisho. Akasema mlango haukatwi.

"Ipelekeni uani kwa muda," mama akasema. "Geti la nyuma linapitisha mkokoteni wa kuni."

Ikapelekwa. Ikawekwa chini ya bati, hatua chache kutoka jikoni, maana mlango wa kutoka uani kuingia ukumbini ulikuwa mwembamba kuliko hata ule wa mbele, na viti vikabaki sebuleni. Kwa siku kadhaa nyumba yetu ilikuwa hivyo: viti mbele, meza nyuma. Baba akikaa kwenye kiti sebuleni, mbele yake hakuna kitu, alikuwa kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Mama akatandika tu mkeka kama kawaida, sinia likaletwa. Mimi nilimkasirikia, mjue. Nilitaka ajitetee.

Ndugu wa wilayani akaja Ijumaa. Hakutaka mkeka, alishaujua. Akakaa kwenye kiti, sahani mapajani, na mchuzi ukamwagika palepale ulipokuwa mshono. Alipoondoka baba hakuzunguka sebule. Akamwita Idi. "Ondoa viti hivi. Vipeleke kwenye meza yao."

Meza yao. Alisema yao.

Siku iliyofuata mchana mama alipika kisamvu na ugali, na samaki mkavu kidogo. Akapangusa meza. Akapanga sahani. Halafu akafanya jambo ambalo nilijua litaleta balaa: hakupeleka sinia mbele. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia kaa. Nikakaa, miguu inaning'inia haifiki kwenye ule ubao. Akamega tonge. Akala. Akamega la pili. Kutoka sebuleni baba akakohoa, kisha akaita, "Mama Idi, vipi leo?"

"Chakula kipo mezani," mama akajibu, na hakuinuka.

Nilisikia malapa ya baba yakija kwenye ukumbi. Akasimama pale ukumbi unapotokea uani, Idi nyuma yake. Niliwaza atapindua meza, ila ilikuwa nzito. Niliwaza atapiga kelele. Baba alitazama viti, akatafuta kwa macho kile cha kwake, hakukiona, vyote vilikuwa sawasawa. Nikaanza kushuka nimpishe, ndivyo tulivyofundishwa. Mkono wa mama ukanishika goti chini ya meza.

"Kaa," akasema. Kisha akainua macho. "Viti vipo, Baba Idi. Ugali unapoa."

Jogoo wa jirani aliwika saa mbaya. Mama alikuwa anatafuna, lakini ule mkono wake ulikuwa umenibana goti mpaka kucha zinaniingia, na ndipo nikajua kuna jambo kubwa linapita hapa, kubwa kuliko meza, na mimi silijui. Hatimaye baba akavuta kiti cha pembeni, si cha kichwani, kile kilichokuwa karibu naye. Akakaa. Akanawa. Akala. Neno la kwanza alilosema lilikuwa la kulalamikia nzi. Mama akaondoa kawa, akasogeza bakuli la kisamvu upande wake, na mimi nikahesabu kimoyomoyo matonge ya mama kwa uchokozi wa kitoto. Yalipita matano. Hakuinuka. Maji yalikuwa palepale mezani.

Tangu hapo tukala pale. Shangazi Mwajuma alipoona, alisema mwanaume mzima analishwa uani kama bata. Alisema mbele za watu. Baba akamwambia, "Njoo nawe ule, Mwajuma, nafasi ipo," na shangazi akasema ana haraka. Wageni wa kazi waliendelea kupewa mkeka kule mbele, wenye suruali zao. Baba akikaribisha mgeni alikula naye kidogo, kisha anakuja nyuma kumalizia.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama. Nimeshaanza kufikiri, nimeshaona nyumba za watu, nimeshajua nini maana ya kupima mara mbili. Nikamwambia, mama, ulijua. Tulikuwa tunakaanga karanga kwenye meza hiyohiyo, namaanisha tunazimenya baada ya kukaanga. Akapuliza maganda. "Nilikosea kupima," akasema, uso mkavu. Nikasema kamba ilikuwa na fundo. Akasema kamba gani. Hivyo tu. Na huyo Rajabu, ushahidi wake ndio huo: mbona mama mwenyewe alikiri? Alikiri, ndiyo. Ningekuwa mimi ningetangaza na ngoma. Yeye alikubali mtaa mzima umwite mjinga, miaka na miaka, na jina hilo akalivaa kama kanga ya nyumbani. Mpaka alipofariki hakulivua. Hapo ndipo mimi nachanganyikiwa, kwa sababu mimi nimeumbwa kujibu, siwezi kuelewa mtu anayeshinda halafu hasemi.

Na baba je? Mvua moja kubwa ilibomoa ukuta wa mbele, tukaujenga upya kwa matofali, na mlango wa babu ukawekwa ubavuni kama pambo, penye njia tukaweka mlango mpana wa kisasa. Idi akasema sasa meza inaingia sebuleni, tuite vijana. Baba alikuwa amekaa kwenye moja ya vile viti anakunywa chai, mama pembeni yake. Akasema, "Iacheni, imeshazoea." Mama hakuinua uso. Kwa hiyo alijua naye? Alijua tangu lini? Tangu siku ile anapapasa maua mlangoni, anachagua kati ya mlango na meza? Sijui. Nimekaa nao wote wawili miaka yote hiyo na sijui. Ninachokijua ni kwamba mama yangu hakuwa na maneno ya kumwambia mume wake nataka kula na wewe. Hakuyapewa. Au pengine alikuwa nayo akaona hayatapita kwenye ule mlango. Akasema kwa mbao.

Basi mcheke. Lakini nijibuni moja kwanza, na wewe unayesoma usijifiche nyuma ya wenzako: kwenu, mama yako anakula wapi?